Theluji ya Oktoba juu ya Farmington: uchambuzi wa kisa cha DC Peaks 50

Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2021, saa 11 alfajiri, wakimbiaji 87 waliingia milimani katika Kaunti ya Davis, jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wanakimbia DC Peaks 50, mbio za maili 50, sawa na kilomita 80 hivi. Saa 3:30 asubuhi mbio zilisimamishwa. Saa 8:45 mchana mkimbiaji wa mwisho alikuwa ameshafika chini. Huko juu waliacha theluji ya sentimita 30 hadi 45, upepo mkali, na weupe mtupu uliomfanya mtu asione mbele yake. Mmoja alitibiwa majeraha madogo baada ya kuanguka, na kadhaa walihudumiwa hapohapo kwa haipothemia, ile hali ya joto la mwili kushuka mpaka mwili unashindwa kujipasha wenyewe. Wote 87 walirudi hai.

Habari ilizunguka dunia kwa muda mfupi kisha ikasahaulika, kama zinavyosahaulika habari zisizo na msiba. Naona ni hasara. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, katika jimbo la Gansu nchini China, mbio za milimani za kilomita 100 zilikutwa na upepo na mvua ya barafu, wakafa watu 21. Ukiviweka visa hivi viwili sambamba unaona kwamba ubavu wa wakimbiaji haukuwa na neno hapa, maana Gansu ilipoteza baadhi ya wakimbiaji bora kabisa wa China. Tofauti ilikuwa kwenye mambo ambayo mtu mwenye ramani na kalamu angeweza kuyapanga wiki kadhaa kabla, na kwenye saa ambayo waandaaji waliamua kusema basi.

Mlima wenyewe

Milima ya Wasatch imesimama wima upande wa mashariki wa ziwa la Great Salt Lake. Uso wa ziwa uko mita 1,280 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya ziwa na mlima kuna ukanda mwembamba ambamo miji ya Kaysville, Farmington na Bountiful imebanana, na ukipita nyumba za mwisho unaanza kupanda papo hapo, hakuna vilima vya kukuzoeza. Juu ya Farmington kuna Francis Peak, kilele chenye makuba meupe ya rada yanayoonekana kutoka bonde zima, nacho kinafika mita 2,900 hivi. Kati ya sebule ya mkazi wa Farmington na mgongo wa mlima kuna mwinuko wa mita 1,600, na kwenye ramani ni kilomita chache tu.

Hesabu ya joto ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Mvua inayoanguka bondeni kukiwa na nyuzi 6 inakuwa theluji kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri pale penye rada. Mtu anasimama chini kwenye mwanzo wa mbio, anahisi ubaridi wa kawaida wa asubuhi yenye mvua, anafunga kamba za viatu na kuondoka. Mlima hauonekani, maana bado ni giza. Mwanzoni mwa Oktoba jua la Utah huchomoza kama saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo aliyeanza saa 11 ana saa mbili na nusu za kupanda kwa taa ya kichwani.

Na ziwa lenyewe lina mchango wake katika hali ya hewa ya eneo hilo. Mwezi wa Oktoba maji bado yana joto la kiangazi, na hewa baridi inayotoka kaskazini-magharibi ikipita juu yake hubeba mvuke na kuumwaga kama theluji ikigonga milima. Wenyeji wanalijua hili vizuri. Mbio za Wasatch Front 100 zimekuwa zikifanyika katika milima hiyohiyo tangu 1980, mwezi wa Septemba, na kuna familia ambazo kukimbia kwenye migongo ile ni jambo la kurithishana. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba hawa 87 walikuwa watu wa mjini waliopotea njia.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kukumbuka kuhusu mlima huu, kwa sababu nitakirudia: kuna barabara ya changarawe inayopanda kutoka bonde la Farmington Canyon hadi mgongoni, penye zile rada.

Theluji ya mapema ni mbaya kuliko ya katikati ya msimu

Asiyeishi na theluji hudhani kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo hatari inavyozidi. Kwa mkimbiaji mara nyingi ni kinyume. Mwezi wa Januari, kukiwa na nyuzi 12 chini ya sifuri, theluji ni unga mkavu. Inaanguka begani, unaipangusa, nguo inabaki kavu. Njia imeganda na kushindiliwa. Kila mtu amevaa ipasavyo kwa sababu hakuna anayeweza kujidanganya kuhusu Januari.

Theluji ya Oktoba huanguka kwenye ardhi ambayo bado ina joto. Ya kwanza inayeyuka na kuwa tope, ya pili inakaa juu ya tope. Hewa inazungukazunguka kwenye sifuri, chembe ni kubwa na zina maji, na zikigusa kitambaa zinalowesha. Viatu vya kukimbilia vimetengenezwa kwa wavu ili miguu ipumue, kwa hiyo ndani ya nusu saa soksi ni maji matupu. Halafu miti. Kwenye miteremko ya Wasatch kuna vichaka vya mialoni mifupi, na mapema Oktoba bado vina majani. Majani yanashika theluji, matawi yanaelemewa na kuinama mpaka yanaziba kijia, na anayetangulia anapita akiyasukuma kwa kifua na mapaja. Kila tawi linammwagia maji ya barafu kuanzia shingoni. Akifika juu ya vichaka, kwenye mgongo ulio wazi, tayari amelowa, na hapo ndipo upepo unapomsubiri.

Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Nguo iliyolowa haikukingi tena, inakunyonya. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi 3 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 50 kwa saa hupoza ngozi iliyo wazi sawa na nyuzi 12 chini ya sifuri siku isiyo na upepo. Hesabu hiyo inamhusu mtu mkavu. Aliyelowa hali yake ni mbaya zaidi.

Mwendo ndio jiko

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo.

Mkimbiaji anayepanda mlima kwa bidii huzalisha nguvu ya wati 700, 800, pengine zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kama robo tatu au zaidi, hutoka kama joto. Ndiyo maana anaweza kupita kwenye baridi kali akiwa na fulana ya mikono mirefu na kijikoti cha gramu 150 na bado akatoa jasho. Akitembea polepole uzalishaji unashuka mpaka chini ya nusu. Akisimama anabaki na wati 100 hivi, sawa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Mavazi yake yamepimwa kwa mwendo wa kukimbia, na hapo hayana kosa lolote. Tatizo ni kwamba theluji huanza kwa kumnyang'anya mwendo.

Fikiria mgongoni juu ya Farmington. Theluji imefika kwenye muundi. Kijia hakionekani, na vile vitambaa vinavyofungwa kuonyesha njia vimefunikwa au vimegandamana na matawi. Taa ya kichwani inapiga chembe zinazoanguka na kumrudishia mwanga machoni, hata afadhali aishushe aishike kiunoni. Aliyekuwa anaenda kilomita 7 kwa saa sasa anaenda 3. Anasimama kutazama njia, anarudi nyuma hatua chache, anasimama tena. Kila kusimama ni kuzima jiko. Wale wa nyuma wanafuata nyayo za wa mbele, jambo linalowasaidia mpaka pale wa mbele watakapokosea, na upepo nao unazifukia nyayo kwa dakika chache.

Halafu mikono. Napenda watu wanaopanga orodha za vifaa waitazame mikono kabla ya kitu kingine chochote. Glavu nyembamba zimelowa. Mtu anataka kutoa koti la mvua kwenye mkoba wa mgongoni. Ili afungue kifungo cha kifuani lazima avue glavu. Vidole vinagusa plastiki lakini havina nguvu ya kuibana. Anajaribu kwa kidole gumba na kiganja. Anajaribu kwa meno. Kifungo kinafunguka, koti linatoka, upepo unalikunja, anatafuta mkono wa koti haupati. Anaupata. Zipu haiwezi: kile kishikio ni kidogo mno kwa vidole vilivyokufa ganzi. Anaamua kwenda na koti lililo wazi. Glavu moja imeshaanguka. Dakika tano zimepita akiwa amesimama, na hajala, kwa sababu pakiti ya jeli ya sukari, chakula cha wakimbiaji, nayo inataka vidole.

Kutokula kunamaliza kilichobaki. Kutetemeka ndiyo njia ya mwili kujipasha pasipo mwendo, na kutetemeka kunachoma sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, sukari ileile ambayo saa tatu za kupanda zimeshaitafuna. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kujikwaa, anakuwa mkali bila sababu, anaongea maneno yaliyopondana. Likikaribia 32 mtetemeko unapungua, naye anaweza kudhani amepata nafuu. Wapo wanaofikia hatua ya kuvua nguo kwa kuhisi joto. Anayehitaji kuamua kugeuza hana tena akili ya kuamua, na ndiyo sababu siamini kabisa msemo wa waandaaji kwamba kila mkimbiaji anajua uwezo wake. Bondeni anaujua. Mgongoni, akiwa na nyuzi 34, haujui.

Saa 3:30

Mbio zilisimamishwa saa nne na nusu baada ya kuanza. Kwa mbio za kilomita 80 hiyo ni mapema. Mkimbiaji wa kawaida hapo hajafika nusu ya njia, wengi bado wana miguu, na wanaotetemeka bado wanatetemeka, maana yake miili yao inapigana. Waandaaji wakawa wanawageuza wakimbiaji, na kikosi cha utafutaji na uokoaji cha Ofisi ya Sherifu wa Kaunti ya Davis kikaingia kazini watu wakiwa bado wanaweza kutembea.

Nitetee kidogo uamuzi wa kugeuza, kwa sababu wapo wanaoona kurudi nyuma ni kupoteza njia uliyokwisha kuimaliza. Mgongo ule unaendelea kusini kilomita kwa kilomita, wazi, bila paa. Kwenda mbele ni kukaa kwenye upepo kwa saa kadhaa zaidi kwenye njia ambayo hujaiona. Kurudi ni kupita ulipopita, na kila mita 500 unazoshuka zinakupa nyuzi 3. Ukishafika kwenye mvua badala ya theluji umeshapona nusu. Kwenye dhoruba za milimani, kushuka ni dawa kabla ya blanketi na kabla ya chai.

Kisha ikaja kazi ambayo haipigwi picha: kuhesabu. Vichwa vya habari viliandika kwamba watu 87 waliokolewa. Hiyo 87 ni idadi ya wote waliokuwa kwenye mbio, na uzito wake uko hapo. Kikosi cha uokoaji hakiwezi kutoka mlimani kikiwa na 86. Katika mbio nyingi, mkimbiaji aliyekata tamaa mapema huteremka kimya, huingia kwenye gari lake na kwenda kuoga, huku watu kumi wakimtafuta kwenye theluji hadi kiuno. Kila kituo cha njiani lazima kiwe na karatasi ya nani kapita na saa ngapi, na lazima mtu mmoja awe na orodha kuu. Kati ya saa 3:30 na saa 8:45 mchana kuna saa tano na robo, na ndani yake majina yote 87 yalipatikana. Kwangu hilo ndilo fanikio kubwa la siku ile, kubwa kuliko uhodari wa mkimbiaji au mwokoaji yeyote mmoja.

Na ile barabara ya rada? Mgongo ambao gari linaweza kuufikia, hata kwa shida, ni mgongo wa aina nyingine kabisa. Mtu aliyekwama ana sehemu ya kuelekea, na waokoaji hawalazimiki kubeba kila kitu mgongoni kutoka bondeni. Hakuna aliyeijenga kwa ajili ya wakimbiaji. Ilikuwepo tu.

Je, wangeanza?

Wengi walibishana kuhusu hili, nami nina msimamo. Mbio hazikupaswa kuanza kwenye njia ile asubuhi ile. Kuanza huku mvua inanyesha bondeni mwezi wa Oktoba, na njia inapanda mita 1,600 juu ya hiyo mvua, ni kuanza huku theluji ikiwa tayari iko mgongoni. Wakimbiaji walikuwa na ujuzi wa mlima, lakini ujuzi haukaushi nguo.

Njia ya kati ipo na imeshatumika. Mwishoni mwa Agosti 2012, mbio za UTMB zinazozunguka Mont Blanc zilikutwa na theluji kwenye mapito ya juu. Waandaaji walikata njia kutoka kilomita 170 hivi mpaka zilizozidi 100 kidogo, wakaondoa mapito ya juu, wakawabakiza wakimbiaji upande wa Ufaransa. Miaka miwili kabla yake, 2010, mbio hizohizo zilisimamishwa saa chache baada ya kuanza kwa sababu ya dhoruba. Watu walinung'unika, kwa kuwa walikuwa wamelipa nauli, wamejiandaa mwaka mzima, wamepata nafasi kwa bahati nasibu. Manung'uniko yale hayakumuua mtu. Na kuchora njia ya pili, ya chini, inayopita msituni na karibu na vijiji, ni kazi ya wiki chache kabla ya msimu. Asiyekuwa na njia ya pili mezani atashawishika kuanza na ya kwanza, kwa sababu chaguo lake jingine ni kuwaambia watu waende nyumbani.

Gansu: kisa kilekile bila barabara

Tarehe 22 Mei 2021, saa 3 asubuhi, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la Msitu wa Mawe wa Mto Manjano, wilaya ya Jingtai, mji wa Baiyin. Miaka iliyotangulia tatizo la mbio hizo lilikuwa jua. Watu walikuja na kaptula. Koti la kukinga upepo lilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyopendekezwa, halikuwa la lazima, na wengi waliliweka kwenye mfuko uliopelekwa kituo cha mbele, wakilipangia usiku.

Kati ya kituo cha pili na cha tatu kuna kilomita 8 hivi zinazopanda kama mita 1,000, kwenye mawe na mchanga, mahali ambapo gari halifiki. Juu, kwenye kituo cha tatu, hapakuwa na chakula wala maji ya moto. Aliyefika pale amechoka na kuloa hakuwa na cha kupokea, na kurudi chini kulimaanisha kupishana na upepo uleule. Adhuhuri hewa ikabadilika: upepo, mvua, mvua ya mawe. Waliokuwa mbele ndio walionaswa sehemu ya juu zaidi. Akafa Liang Jing, bingwa aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara kadhaa. Akafa Huang Guanjun, mkimbiaji kiziwi, bingwa wa marathoni katika michezo ya kitaifa ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2019.

Zhang Xiaotao, mmoja wa waliokuwa mbele, alinusurika. Alieleza kwamba alitoa blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa kama karatasi ya fedha, akajifunika, na upepo ukalichana hapohapo. Alibonyeza kitufe cha kuomba msaada, kisha akapoteza fahamu. Aliyemkuta ni mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliyekuwa amejificha kwenye pango ambamo alizoea kuweka nguo na chakula kwa ajili ya siku mbaya. Siku ile Zhu aliwaokoa watu sita kwa pango, moto na nguo kavu. Hakuwa na mafunzo ya uokoaji wala redio. Alikuwa na mahali pakavu kwenye sehemu ambayo waandaaji hawakuwa wameweka hata turubai.

Uchunguzi wa serikali uliotolewa Juni mwaka huo ulisema wazi kwamba uandaaji haukuwa wa kitaalamu, na maafisa 27 waliwajibishwa. China ikasimamisha mbio za aina hiyo nchi nzima.

Hizo ndizo tofauti. Njia ya Utah ilikuwa na barabara, ya Gansu haikuwa nayo pale palipohitajika. Utah ilisema basi saa nne na nusu baada ya kuanza. Gansu haikuwa na namna ya kuwasemesha watu waliokuwa tayari kwenye ule mpando, wala mahali pa kuwapeleka. Kama baridi ya Utah ingewakuta wale 87 kwenye zile kilomita 8 za Jingtai, sidhani kama leo tungekuwa tunaandika idadi moja tu, ile ya waliorudi hai.

Orodha ya vifaa

Lile blanketi la Zhang linanikera kwa sababu liko kwenye kila orodha ya lazima duniani, na mwandaaji akishaliandika anahisi amemaliza. Linafaa ndani ya gari, ndani ya hema, au likivaliwa chini ya koti linaloshikilia. Kwenye mgongo wenye upepo ni kipande cha kelele. Bora mfuko wa dharura ambao mtu anaingia mzimamzima, mzito kidogo, lakini haung'olewi.

Koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa liwe la lazima bila kujali utabiri, na liwe kwenye mkoba wa mkimbiaji, si kwenye mfuko unaomsubiri kilomita 60 mbele. UTMB inadai hivyo na inakagua. Kwa theluji ya mapema ningeongeza fulana ya pili ya sufu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, suruali inayozuia mvua, na glavu zisizo na vidole vilivyotengana, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya zile nyembamba. Kishikio cha zipu kifungwe kamba ya urefu wa kidole ili kivutwe hata kwa meno. Na koti livaliwe kwenye vichaka, kabla ya mgongo, wakati mtu bado anaona joto. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu anayepanda huku anatoka jasho hataki kusimama.

Kwetu

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Wakenya kama Patrick Kipngeno na Philemon Kiriago sasa wanashindana na kushinda kwenye mbio za milima za Ulaya, na nyuma yao kuna vijana wengi wanaofuata, waliolelewa kwenye baridi ya Iten lakini hawajawahi kukimbia juu ya theluji. Wanahitaji mtu wa kuwaambia kuhusu glavu kabla hawajapanda ndege.

Na tuna milima yetu. Kilimanjaro na Mlima Kenya viko kwenye ikweta au karibu nayo, kwa hiyo theluji ya huko, kwenye mita 4,000 hadi 4,600, huanguka hewa ikiwa karibu na sifuri karibu mwaka mzima. Ni theluji ya maji, ileile ya Oktoba ya Utah. Anayepanda Kilimanjaro kuelekea Lava Tower, ule mnara wa mwamba, wakati wa masika analoweshwa na mvua msituni, kisha anaingia kwenye theluji akiwa na nguo hizohizo. Wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, wamekufa kwa baridi kwenye mlima huo, watu waliouzoea kuliko mgeni yeyote, kwa sababu ya koti bovu na viatu vya wazi. Mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima wapagazi mavazi bila malipo, na kazi hiyo imeokoa watu kimyakimya.

Sasa mbio zinaongezeka kwenye milima hii, na ada zake si ndogo. Kabla ya kulipa, muulize mwandaaji akuonyeshe kwenye ramani sehemu iliyo mbali zaidi na barabara, na nani atakuwa amekaa pale, na atakuwa na nini cha moto. Muulize njia ya pili iko wapi. Muulize ni nani, kwa jina, mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio bila kumpigia simu mfadhili.

Ukimkuta mwenzako mgongoni anaongea maneno yasiyoshikamana, mbio zake zimekwisha na zako pia. Mtoe kwenye upepo, mvue kilicholowa ukishapata kikavu cha kumvisha, weka mkoba au kamba kati yake na ardhi asikae kwenye theluji. Kama anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari, cha moto kikiwepo. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe. Kama bado anatembea, mshike mkono mteremke, taratibu, mkiongea njia nzima. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, simama, mfunike kwa kila mlicho nacho, jikunje naye ndani ya mfuko mmoja, na mwenye miguu ya kasi ashuke kuita watu akiwa ameandika mahali mlipo kwenye karatasi, maana na yeye akifika chini anaweza kuwa hakumbuki.